Asubuhi za Mama Subi

Mbugani, Kyela
Usiku wa kuamkia safari yako

Atu mwanangu,

Sweta za mtoto umeshazipanga, tiketi ya basi umeikata mwenyewe, na kuhusu baridi ya Njombe umeshaambiwa na kila mtu aliyepita kuaga. Sina cha kuongeza hapo. Mtu anayepima damu za watu maabara hafundishwi na mkoboa mpunga namna ya kuchemsha chupa za maziwa.

Nakuandikia kwa sababu ya simu uliyopiga jioni ukiwa umeegemea mlango wa jikoni, ukiongea na yule mama wa Njombe atakayekuja kwako asubuhi kumshika Lusekelo, kufua na kupika. Sikukusudia kusikiliza, lakini nyumba hii unaijua, haina mahali pa kusemea siri. Yeye alitaka elfu themanini kwa mwezi. Wewe ukamwambia hamsini, maana msichana wa kulala ndani analipwa laki moja na yeye atakuja nusu siku tu. Akakubali, nadhani, kwa sababu nilikusikia ukishukuru. Kisha ukasema kwa upole kabisa, “Na siku utakazochelewa, dada, nitakuwa nakata.”

Nilibaki na tonge mkononi. Si kwamba umesema jambo la ajabu, wengi wanasema hivyo na wanalala usingizi. Ni kwamba maneno hayo ni yangu. Nilimwambia Mama Subi hayohayo, pale barazani, ulipokuwa darasa la kwanza, na sijui ulikuwa umejificha wapi ukayasikia. Watoto mnaweka akiba ya vitu ambavyo wazazi tungependa mvipoteze.

Basi keti unisome taratibu usiku huu, usingizi utaupata ndani ya basi.

Marehemu mama yako alipotuacha, wewe ulikuwa bado ukichoka unabebwa. Shangazi yako wa Karonga alivuka mpaka akaja na khanga mbili na uamuzi mmoja: akuchukue ukalelewe kule Malawi pamoja na watoto wake. Nikakataa. Nikasema mbele ya ndugu wote kwamba mwanangu atakulia hapa Mbugani na mashine yangu itaendelea kukoboa. Kiburi kile sikijutii hata leo, Atu, ndicho kilichokubakiza kwangu. Ila kiburi hakipiki wala hakisuki nywele. Shangazi akaondoka akisema, “Nakupa muda. Nikisikia mtoto anakwenda shule bila uji, narudi kumchukua.” Unamjua, alikuwa hatanii.

Ndipo akaja Mama Subi. Alikuwa ameolewa hapa mtaani, ana watoto wake watatu wa kulisha na mume aliyekuwa akivua kule Matema, ambaye ziwa lilikuwa likimpa leo na kumnyima kesho. Tulipatana aje asubuhi mpaka adhuhuri: akuandae uende shule, afue, afagie, apike cha mchana, aende zake. Mshahara niliupata kama wengi wanavyoupata. Nilizunguka kwa majirani nikiuliza, “Wewe wako unamlipa ngapi?” kama mtu anayeulizia bei ya samaki kabla ya kufika sokoni. Kila mmoja alinitajia kidogo akishusha sauti, na mimi nikachukua kile kidogo nikakikata katikati, kwa sababu kazi ni ya nusu siku. Nilijiona nina akili za biashara.

Hesabu ile ilikuwa na tundu ambalo mtu wa Kyela hakupaswa kulikosa. Nimezaliwa kwenye mpunga mimi. Najua kibarua cha shambani kinaanza alfajiri, na jua likishapanda hakuna mwenye shamba anayechukua mtu. Anayesafiri kwenda Ipinda kununua mchele kwa wakulima anaondoka asubuhi. Mwenye kuuza vitumbua anauza asubuhi. Kwa hiyo mimi nilipochukua asubuhi za Mama Subi nilikuwa nimechukua siku yake nzima, nikamrudishia mchana usio na mnunuzi. Nikamlipa nusu, nikasema tumemalizana.

Na kulikuwa na chenga. Kila Jumamosi nilimfungia chenga za mashine, ule mchele uliovunjikavunjika, nikampa kwa mikono miwili kama zawadi, naye akapiga goti, “Ndaga fijo, Baba Atu.” Ahsante sana, kwa chenga ambazo vinginevyo ningewauzia wafuga kuku. Halafu mwisho wa mwezi, akilini mwangu, chenga zile zilikuwa zimegeuka mchele safi na zimehesabiwa kwenye mshahara. Usinicheke. Nenda kaangalie furushi ulilofunga leo la nguo zako za zamani za “kumpa dada wa Njombe,” halafu ujiulize kama nawe hujalihesabu tayari.

Sasa nakuja kwenye kuchelewa.

Mzee Asegelile unamkumbuka, yule mzee wa kanisa mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa anakuja barazani kwangu karibu kila asubuhi kunywa chai ya maziwa na kusikiliza taarifa ya habari, maana redio yake ilikuwa inakoroma. Nilimpenda. Tangu mama yako afariki ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa akiniuliza nimelalaje na kusubiri jibu. Tulikaa mpaka habari ziishe, kisha yeye anasimama, anakohoa mara kadhaa kwa nguvu, anatangaza, “Haya, mimi naondoka sasa! Naelekea barabarani!” kana kwamba anaiaga Kyela nzima. Nilidhani ni uzee.

Na Mama Subi ndipo alipokuwa akifika. Kila siku, mzee akishaondoka. Wakati huo mimi nimeshakuvalisha mwenyewe, vifungo vimepishana, uji umeshika chini ya sufuria, na wewe unalia kwamba mwalimu atakuchapa. Anaingia ameinamisha kichwa, khanga imelowa umande mpaka magotini. Ile khanga ndiyo iliyoniudhi. Nikajiambia, huyu anapitia shambani kwake kwanza, anapalilia mihogo yake kwa saa zangu, halafu anakuja kwangu na mabaki ya nguvu. Nilimwonya. Akasema, “Nisamehe, Baba Atu.” Kesho yake ikawa vilevile. Ndipo nikamwambia maneno uliyoyasema leo kwenye simu, na mwisho wa mwezi nikakata kweli. Mwezi uliofuata nikakata zaidi.

Hakugombana. Siku aliyopokea zile zilizobaki alimaliza kufua, akaanika, akaniambia ana dharura nyumbani na hatarudi. Mimi nikasema sawa.

Siku hiyohiyo asubuhi wewe ulikuwa umevunja chungu chake.

Unaikumbuka kuliko mimi. Kile chungu cheusi cha kupikia maharage alichokinunua Lyulilo siku ya soko na kukileta hapa kwa sababu alisema sufuria zangu zinaharibu ladha. Ulikibeba kwenda kukiosha ili umfurahishe, kikakuponyoka kwenye ngazi ya jikoni. Yeye akafagia vigae, akakufuta machozi. Jioni ukaniuliza Mama Subi yuko wapi nikakujibu, “Ameondoka.” Ukaniuliza kama ni kwa sababu ya chungu. Nami nilikuwa na hasira, mashine ilikuwa imekata mkanda, nikasema, “Labda.”

Neno dogo kweli. Kwa siku zilizofuata nilikuwa nikikukuta uani na vile vigae, unavigandisha kwa uji wa mchele, unavishika vikauke, vinaachia, unaanza tena. Nilipita pembeni yako nikienda kazini.

Na shangazi yako, aliyekuwa na masikio mpaka upande huu wa mpaka, akatuma ujumbe kwamba anakuja mwisho wa mwezi. Nilikuwa karibu kukupoteza, Atu, sijawahi kukwambia jinsi ilivyokuwa karibu. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nguo zako.

Aliyeniokoa ni Mzee Asegelile na kikombe chake. Alikaa asubuhi moja akanitazama nikipigana na uji, akauliza, “Mkwe wangu haji siku hizi?”

Mkwe wake. Mama Subi alikuwa ameolewa na mwanawe. Nilijua, mtaa mzima ulijua, nilikuwepo kwenye harusi nikala nyama.

Nikamjibu, “Alikuwa mchelewaji mno, Mzee. Ikabidi nimkate, akaacha.”

Akaweka kikombe chini. “Mchelewaji? Yule alikuwa anafika mimi niko kikombe cha kwanza. Khanga yake nilikuwa naiona pale kwenye migomba ya jirani yako, nageuza uso. Angepitaje hapa, na mimi nimekaa?” Akavua ile kofia yake. “Wewe si Mnyakyusa? Nilidhani unajua. Nilidhani mmepatana hivyo, na kwamba unamlipa na kusubiri kwake.”

Ninyi mnapiga picha na wakwe zenu harusini mkiwa mmekumbatiana, na sisemi ni vibaya. Lakini sisi tumekuta mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona mbele anaacha njia, hapiti alipo, jina lake halitaji. Ni heshima, na Mama Subi aliishika sana, kama mzee mwenyewe alivyoishika. Geti letu lilikuwa moja, njia yake inapita mbele ya baraza, na mlango wa nyuma nilikuwa nimeupiga komeo kwa kuogopa wezi. Kwa hiyo yule mama alikuwa anasimama kwenye umande, mvua ikinyesha ananyeshewa, akisubiri mgeni wangu amalize chai yangu, halafu namkata mshahara kwa sababu amesubiri. Kile kikohozi cha mzee kilikuwa cha kumwambia njia ni nyeupe. Naye asingeweza kuniambia. Angesema nini? “Mwondoe baba mkwe wangu barazani”? Hilo kwetu ni tusi. Afadhali aache kazi.

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka kujifungia mashineni. Lakini nilikuwa na mtoto wa kumbakiza nyumbani, na aibu haijawahi kuvalisha mtoto sare. Nikaenda kwake siku hiyohiyo.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamwambia nimejua, nikaomba radhi, na kama mfanyabiashara yeyote nikakimbilia pesa. “Rudi, Mama Subi. Nitakuongeza.”

Hakuinua kichwa. “Kwanza rudisha ulizokata. Hizo si nyongeza, hizo ni zangu. Tukimaliza hizo ndiyo tuongee.”

Nikamrudishia. Akazikunja akaziweka kwenye pindo la khanga, kisha akaniuliza, “Unanunua nini kwangu, Baba Atu? Saa, au mtoto kufika shule ameshiba?”

“Mtoto kufika shule ameshiba.”

“Basi fungua mlango wa nyuma.”

Ndiyo mapatano yote, ukitoa ile nyongeza tuliyobishana mpaka mihogo aliyoinjika ikaungua. Alitaka alipwe asubuhi kama siku, kwa sababu ni siku. Alitaka chenga zibaki zawadi au zisiwepo kabisa. Alitaka tukienda Karonga wakati wa likizo na nyumba ikafungwa, alipwe, kwa kuwa tumbo la watoto wake haliendi likizo Karonga. Hilo lilinichoma nikabisha sana, akanisubiri nimalize kubisha, akarudia vilevile. Nikakubali. Nilipotoka pale mkononi nilikuwa nimepungukiwa, na nilikuwa natembea kama mtu aliyeuza vizuri.

Jioni niling’oa komeo. Shangazi alipofika mwisho wa mwezi alikukuta umesukwa, unakula maharage, akakaa siku mbili akitafuta kasoro, akarudi kwao na debe la mchele. Na Mama Subi aliingia kwa mlango ule mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Mzee Asegelile, Mungu amlaze pema, alikunywa chai yake mbele mpaka alipofariki, na hawakuonana hata siku moja.

Sikupi namba ya kumlipa yule mama wa Njombe. Sijui bei za Njombe, na kima cha chini cha serikali unaweza kukiuliza mwenyewe, ingawa kile ni sakafu, mtu hajengi nyumba akaishia sakafuni. Nilichojifunza kwa gharama ni kidogo tu. Ujue asubuhi zake zingemwingizia nini kama asingezileta kwako, maana wewe utakuwa maabara na mume wako yuko na lori lake Tunduma, na mikono itakayokuwa na mtoto wako ni ya yule mama peke yake. Ukishapata namba, itaje kwa sauti mbele ya wageni. Ukijikuta unashusha sauti, ongeza. Na kabla hujamkata mtu kwa kuchelewa, mwulize anapita njia gani. Nina hakika utaulizia, kwa sababu wewe moyo wako haukuwahi kuwa mgumu, ulijifunza tu maneno kwa mtu aliyekuwa mjinga wakati huo.

Lakini hayo ningeweza kukwambia kesho stendi huku tunapakia mizigo. Kilichonikalisha na kalamu ni kingine.

Mama Subi aliporudi kazini siku ile ya kwanza, ulimkimbilia ukampigia magoti ukasema, “Sitagusa chungu tena.” Akakwambia chungu si kitu. Hukumwamini, ukaona anakubembeleza. Baadaye akaniita pembeni. “Huyu mtoto anadhani ni yeye. Mwambie sababu. Sababu ni yako, iseme wewe.” Nikamwahidi.

Sikusema. Ningekwambia si chungu, ungeuliza sasa ni nini, na ningelazimika kujibu ni mimi. Ulikuwa unanitazama kama mtu asiyekosea, na baada ya mama yako kuondoka sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Nikasema akikua. Ukakua. Nimekuona unavyoosha vikombe kwa mikono miwili. Nimekuona ukiomba msamaha kwa watu waliokukanyaga. Siku ulipovunja glasi moja kwenye harusi yako ukasawajika, watu wakacheka, na mimi peke yangu nilijua unasubiri nani aondoke. Nimekulipia ada zote, Atu, na neno moja la kukufungua nikalibania.

Leo mchana alipokuja kukuaga, ulipoingia ndani kumbadilisha Lusekelo, Mama Subi aliniuliza, “Umeshamwambia?”

Nikasema bado.

“Basi mtoto wa watu anaenda Njombe na chungu changu kichwani.” Akafunga khanga yake vizuri. “Usipomwambia wewe usiku huu, kesho nitamwambia mimi stendi, mbele ya makonda wote.” Na unamjua, huyo naye hatanii.

Kwa hiyo nakwambia. Chungu kile kilikuwa na ufa tangu Lyulilo. Yeye ndiye aliyekichagua, aliujua, akakinunua kwa sababu mwenye nacho alimpunguzia. Kingevunjika kwa yeyote. Mama Subi hakuondoka kwa ajili yako, hata siku moja, hata kidogo. Aliondoka kwa sababu baba yako alimkata mshahara wake, na alirudi kwa sababu baba yako alifungua mlango.

Kitue, mwanangu. Kesho panda basi mikono mitupu.

Baba yako